Uliza Fundi: Mota inanguruma kwa mapigo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashine ya kusaga mahindi hapa Kilosa, mota ya fezi tatu, kilowati 15. Tangu mwaka jana ikishabeba mzigo inanguruma kwa mapigo, vuu, vuu, vuu. Imesukwa upya mara mbili na ngurumo iko palepale. Mwanangu aliye chuoni anasema mota inaweza kupimwa kwa kompyuta bila kufunguliwa. Ni kweli, au ninunue nyingine?
Mama wa mashine, Kilosa

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao anasema kweli, na imeniuma kusikia umelipia kusuka mara mbili. Koili zinazosukwa zimo kwenye ganda la nje, lisilozunguka. Ngurumo ya mapigo inayokuja na mzigo hunipeleka kwanza kwenye rota, sehemu ya ndani inayozunguka. Mle ndani kuna fito za alumini zilizounganishwa kwa pete huku na huku, kama tundu la kuku. Ufito mmoja ukikatika, umeme wake unahamia kwa majirani, nao wanachemka kupita kiasi, na nguvu ya kuzungusha inakuwa ya kusukuma na kuachia. Kusuka koili hakugusi hapo hata kidogo.

Anza na kibao cha mota. Tuseme kimeandikwa mizunguko 1,450 kwa dakika. Kwa umeme wetu wa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, sumaku ya mota ya aina hiyo inazunguka mara 1,500, kwa hiyo rota inachelewa kwa sehemu moja ya 30. Ufito uliokatika hutikisa mkondo kwa mara mbili ya uchelewaji huo: sehemu moja ya 30 ya hezi 50, mara mbili, yaani mara 3.3 hivi kwa sekunde. Rekodi ngurumo kwa simu mashine ikiwa na mzigo kamili, kisha zihesabu taratibu. Ukipata kama 33 ndani ya sekunde 10, mimi tayari nimeingiwa na shaka.

Sasa kompyuta. Fundi anabana kihisi cha mkondo juu ya waya mmoja wa mota, bila kuuchuna, na kurekodi. Ukilitazama wimbi lenyewe utaapa kuwa ni zima. Ndipo linapochambuliwa kupata masafa yaliyomo, yaani kasi za mitikisiko, kila moja na ukubwa wake, kwa hesabu ya Fourier, Mfaransa aliyeitoa kitabuni mwaka 1822 akichunguza joto, wala si umeme. Mwaka 1965, Cooley na Tukey kule Marekani walichapisha njia ya mkato: vipimo 1,024 vilivyodai kuzidisha zaidi ya mara milioni moja vinamalizwa kwa kuzidisha mara 5,120. Kwa sababu hiyo kompyuta ndogo tu ya begani inatosha.

Nakumbuka pampu moja ya maji niliyoitwa kuipima. Kwenye skrini palisimama mlingoti mmoja mrefu kwenye hezi 50, na pembeni yake vilele viwili vidogo kama pembe za mbuzi, 46.7 na 53.3. Nilirekodi sekunde 10 nzima, maana ukirekodi robo sekunde pembe zinamezwa na mlingoti. Zilikuwa chini yake kwa desibeli 38, kipimo cha kulinganisha ukubwa: namba ikiwa ndogo, pembe ni kubwa. Zikiwa chini kwa zaidi ya 50 huwa naiacha mota iendelee. Tofauti ikishuka chini ya 40 nafungua. Tulifungua: fito mbili zimepasuka pale zinapoingia kwenye pete, alumini imegeuka nyeusi. Nilizipapasa kwa ukucha, ufa ukashika.

Kwenye mashine ya kusaga kuna mtego. Mkanda uliolegea, au mahindi yanayomiminwa kwa vipindi, navyo huzaa pembe. Kaza mkanda, mpe kijana mwenye mkono uliotulia amimine, kisha upimwe mara mbili, kwa mzigo kamili na kwa nusu mzigo. Pembe za rota zitausogelea mlingoti mzigo ukipungua, kwa kuwa uchelewaji nao umepungua. Zisiposogea, tafuta kwingine.

Mwambie mwanao asithubutu kuchomeka waya wa fezi kwenye kompyuta, hata kwa sekunde moja. Ni kihisi cha kubana tu.

Na usinunue mota bado. Niandikie namba zote za kibao na hesabu ya mapigo. Wakati huohuo, vijana wasiiwashe mashine ikiwa na mahindi ndani. Waiache ishike kasi kwanza, ndipo wamimine. Kuwasha na mzigo mara nyingi kwa siku ndiko kunakochemsha fito hizo hadi zipasuke.