Mtoa mada, futa kwanza hiyo semina ya hotelini

Hapana, mkuu. Hiyo semina ifute leo, mengine tutaongea baadaye.

Umesema umepewa ukatibu wa afya, yaani kusimamia utawala, kwenye hospitali teule (ya kanisa, ila serikali imeiteua itumike kama ya wilaya), wodi na maabara hazielewani, na unataka kuwapeleka wakuu wa idara wote hotelini na mwezeshaji kutoka Dar ili "kujenga timu". Nimesoma tumbo likaniuma. Mimi hilo nimeshalifanya, kwa mwezeshaji wa aina hiyo hiyo, na pengine kwa slaidi zile zile.

Wa kwetu alituambia tatizo la hospitali za misheni ni watu kusahau wito. Nikamwamini! Tukaenda, tukaandika kwenye kadi za rangi, tukacheza mchezo wa kurushiana mpira, tukapiga picha ya pamoja. Mpira nilidaka vizuri, msinicheke, ndiyo ujuzi pekee niliorudi nao. Lakini hela ilitoka fungu la posho za zamu za usiku. Unajua hospitali teule zilivyo: wauguzi wawili, zamu moja, wodi moja, mmoja analipwa na Hazina, mwingine ameajiriwa na kanisa na mshahara wake unasubiri wagonjwa walipe na bima ilipe. Huyu wa pili ndiye aliyebaki na wagonjwa wakati sisi tunapanga foleni ya bufee. Picha akaziona kwenye grupu la WhatsApp la hospitali. Nilizituma mwenyewe, na maneno "Huduma ni wito" juu yake. Posho yake haikutoka mwezi ule wala uliofuata.

Hakuna aliyegoma. Bora wangegoma. Walinyamaza tu, kila mtu akabaki na lake. Fomu za bima zikaanza kwenda bila saini ya daktari, ukiuliza unaambiwa si kazi yangu. Madai yakarudi, mapato yakashuka, posho zikazidi kuchelewa. Ajira za serikali zilipotangazwa, wodi ya wazazi ikaondokewa na wakunga wake wazoefu kwa mkupuo. Kuwafundisha wapya kulitula hela zaidi ya hoteli, na kuna mambo ya usiku ambayo mkunga mpya hafundishwi kwa maneno. Na yule mwezeshaji? Nilimpigia, akashauri semina ya ufuatiliaji. Ya kulipia! Sijui watu hawa huwa wanalala saa ngapi.

Kwa hiyo mimi nina kanuni moja tu: usiitishe kikao chochote cha ushirikiano kabla hujakaa kwenye makabidhiano ya zamu. Yale ya asubuhi, kwenye meza ya wauguzi, wa usiku akisoma daftari la ripoti na wa mchana wakisikiliza. Kaa, usihutubie, usishike simu. Nenda tena kesho yake, maana siku ya kwanza watakusomea ripoti ya mgeni.

Ugomvi wetu wa maabara na wodi ya wazazi uliandikwa kwenye mihtasari kila robo mwaka kama "mawasiliano hafifu". Pale mezani nikauelewa. Mama anatoka damu usiku, inahitajika damu ya kumwongezea, mtu wa maabara wa dharura anakaa mjini, dereva hatoi gari bila saini ya matroni, na matroni yuko kwake amelala. Asubuhi mkunga anasema maabara walichelewa, maabara wanasema hatukufuatwa, na wote wanasema kweli. Dawa ikawa barua fupi: usiku gari linasainiwa na muuguzi kiongozi wa zamu. Nakala kwa dereva, nakala ikabandikwa getini kwa mlinzi. Wito haukutajwa.

Ukitaka kitu kilichopimwa, badala ya mpira, chukua orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2008. Karatasi moja, vipengele 19, na kimojawapo kinataka kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla ngozi haijachanwa. Ilijaribiwa hospitali 8 duniani, mojawapo Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, wakati huo teule kama ya kwako. Matokeo yalitoka 2009: kwa hospitali zote pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakuna ukumbi uliokodiwa. Na daktari akishazoea kutajiana majina na manesi, ile ya "wewe nesi, njoo hapa" inamtoka shingo upande.

Uliuliza pia kozi za uongozi na jinsi ya kuongea na bodi ya dayosisi. Kozi waulize wengine humu, bodi ina uzi wake. Nijibu hili kwanza: ukumbi umeshaulipia? Kama ni malipo ya awali tu, wapigie leo, na hela irudi fungu la posho kabla mhasibu hajaipangia kazi nyingine.