Jua kwenye banda la njiwa: saa ngapi, upande gani, na viota viwe wapi

Mkuu, umeuliza banda lako la jozi 12 huko Kigamboni, Dar, lipate jua kwa muda gani kwa siku, na kama ni kweli inabidi uezeke paa lote kwa mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga ili njiwa wapate vitamini. Jibu fupi: jua la asubuhi, kuanzia linapochomoza hadi kwenye saa nne na nusu. Liingie kwa mbele, lifike sakafuni, lisiguse viota. Paa la plastiki achana nalo kabisa.

Kwanza tenganisha mwanga na jua. Mwanga unatakiwa mchana kutwa. Saa sita mchana ukisimama kwenye kona yenye kiza kuliko zote, uweze kusoma gazeti bila kukaza macho. Ukishindwa, ongeza uwazi. Jua lenyewe lina kazi mbili. Ya kwanza ni kumsaidia njiwa kutengeneza vitamini D, ambayo bila hiyo hata umpe chokaa na makombe yaliyosagwa kiasi gani, mwili haufyonzi inavyotakiwa. Ya pili ni kukausha banda.

Kazi ipi ni muhimu zaidi kwako inategemea unafugaje. Njiwa wanaofunguliwa asubuhi na kurudi jioni wanajitafutia jua wenyewe juu ya mapaa, kwa hiyo jua la ndani ya banda ni la kukausha tu. Njiwa wa mapambo wasiotoka hawana pengine pa kulipata, na hapo ndipo wengi wanadanganyika na plastiki. Kioo, na karatasi nyingi za plastiki za kuezekea, huzuia ile mionzi ya urujuanimno inayotengeneza vitamini D. Ndani patang'aa, joto litapanda, na vitamini hakuna. Wavu haizuii kitu. Kwa hiyo kama wako ni wa kufungiwa, bandika kizimba cha wavu mbele ya banda, mita 1.2 kwenda nje na urefu wote wa banda, paa lake nusu uliezeke na nusu uache wavu mtupu ili kila njiwa achague mwenyewe. Hapo Kigamboni chumvi ya bahari inakula waya haraka, nunua wavu uliopakwa zinki na matundu yasizidi nusu inchi, maana shomoro wakiingia wanamaliza chakula na kuleta utitiri.

Utajua kizimba kinafanya kazi ukiwaona wakishaoga. Weka beseni la maji ya kina cha sentimita 10 hivi saa tatu asubuhi. Wakitoka majini wanajilaza ubavu, wanafungua bawa moja na kulinyanyua juu, manyoya ya mgongo yamesimama, jicho nusu limefumba. Dakika chache baadaye wanageuka upande wa pili. Mtu asiyezoea hudhani ndege anakufa. Beseni litoe baada ya saa moja, yale maji ni machafu na wataanza kuyanywa.

Sasa upande. Vitabu na video nyingi za ufugaji wa njiwa zinatoka Uingereza, Ubelgiji na Marekani, na zinasema elekeza banda kusini. Kwao ni sahihi, jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Kwetu linapita utosini, na kwa Dar kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba mchana linaelemea kaskazini. Wewe elekeza mbele ya banda mashariki, likiwa limegeuka kidogo kaskazini. Ile kugeuka kidogo ina sababu: mvua za masika na upepo wa kusi huja kutoka kusini na kusini-mashariki, ukielekeza huko unamwagia maji sakafu yako. Kaskazi inavuma Desemba hadi Machi, miezi ya joto kali, na wakati huo unataka upepo uingie. Kiwanja kikikubana, chaguo la pili ni kaskazini. Magharibi usiende kabisa. Jua la saa nane hadi saa kumi na moja linakuta hewa na kuta vimeshapata moto, na ukuta wa tofali ukichomwa mchana kutwa unaendelea kutoa joto usiku, wakati ambao njiwa wote wako ndani.

Kinachoamua jua litoke saa ngapi ni upenu, yaani ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, na hapa hakuna kubahatisha. Kwenye ukanda wetu jua hupanda takriban nyuzi 15 kila saa. Likichomoza saa kumi na mbili na nusu, saa tatu na nusu liko nyuzi 45, saa nne na nusu liko nyuzi 60. Kwenye nyuzi 60, upenu wa sentimita 60 unatupa kivuli cha zaidi kidogo ya mita moja kwenda chini. Kanuni inakuwa: kila mita moja ya uwazi, sentimita 60 za upenu, na jua litatoka lenyewe kwenye saa nne na nusu. Pima kuanzia usawa wa ncha ya upenu hadi pale ukuta wa chini wa mbele unapoishia.

Usijenge ukuta wa mbele mrefu. Chukua banda la kina cha mita 1.8 ambalo ukuta wa mbele una mita 1 na uwazi uko juu yake. Saa moja na nusu jua linapiga katikati ya ukuta wa nyuma, saa mbili na nusu linafika chini karibu na ukuta huo huo, kisha linatembea kuja mbele, lakini upenu unalikata kabla halijafika. Zile sentimita 60 hivi za mbele hazioni jua hata siku moja, na ndipo watu huweka chombo cha maji, maji yanamwagika, kinyesi kinalowa, kuhara kunaanza. Vimelea vya koksidia vinavyotoka na kinyesi vinahitaji unyevu na joto kwa siku moja mbili kabla havijaweza kuambukiza. Sakafu ikikauka kila asubuhi unavikatisha njiani. Kwa hiyo ukuta wa mbele uwe sentimita 40, uwazi mita 1.6, na upenu usogee hadi sentimita 95. Upenu huo ni mrefu, utie mikono ya mbao kila mita moja usije ukanyanyuliwa na upepo. Jua linakausha tu, halisafishi: kukwangua kinyesi kuko pale pale.

Ukiangalia mwendo huo wa jua utaona pia kwa nini viota haviwekwi ukuta wa nyuma. Weka kuta za pembeni. Njiwa manga ametokana na njiwa wa majabali, anayetaga kwenye mapango, ndiyo maana hata bandani njiwa huchagua tundu lenye kivuli. Tundu liwe upana sentimita 60, kimo 35, kina 35 hadi 40, na nusu ya mbele izibwe kwa ubao ili nyuma yake pawe na kiza cha wastani. Jua likipiga yai moja kwa moja wakati mama ameinuka, kilichomo kinakufa mapema sana. Makinda nayo yanaanguliwa bila manyoya na hayawezi kukimbia joto. Ukiyakuta yamejivuta pembeni ya kiota, midomo wazi, shingo zimelegea, usitafute ugonjwa kwanza, angalia jua linaingilia wapi saa hiyo. Kwa wakubwa dalili ya joto ni mdomo wazi, koo kutikisika haraka na mabawa kuachwa mbali na mwili.

Jua likipungua dalili ni za polepole. Harufu ya unyevu ukifungua mlango asubuhi, mayai ya ganda laini au yasiyo na ganda, vijana wenye mfupa wa kidari uliopinda. Hizo mbili za mwisho zinaweza pia kuwa upungufu wa chokaa, basi hakikisha makombe yapo kwanza.

Paa: bati la kawaida, chini yake dari ya makuti au jamvi, na nafasi ya sentimita 15 juu ya ukuta wa nyuma iliyowekwa wavu ili hewa ya moto itoke. Kipande kimoja cha bati la plastiki juu ya njia ya kupita si vibaya kama ndani pana kiza. Utitiri haufi kwa jua linaloingia dirishani, unajificha mchana kwenye nyufa na kutoka usiku kunyonya damu. Fito za kulalia na masanduku ya viota vitengeneze vya kuchomoa, uvitoe nje vichomwe na jua la mchana kutwa mara moja kwa mwezi, ukivigeuza. Chombo cha maji kikae kivulini. Juani yanaota ukijani, na vitamini za kuchanganya kwenye maji zinaharibika.

Wadau wa Njombe, Mbeya, Arusha na Limuru msinakili vipimo hivi. Kwenu asubuhi za Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu, jua linachelewa. Punguzeni upenu hadi sentimita 40 kwa kila mita ya uwazi, litatoka kwenye saa tano hivi, ila upande wa mvua muwe na turubai la kushusha.

Na wewe mkuu, kabla hujachimba msingi, simika mlingoti wa mita 2 pale unapotaka pawe mbele ya banda. Angalia saa mbili, saa nne, saa nane na saa kumi kivuli cha ukuta wa jirani na cha miti kinafika wapi, chora kwa chokaa. Ukuta wa jirani ukikuzibia mashariki, nyanyua banda kwa nguzo mita moja, nguzo uzivalishe bati laini kuzuia panya na nyoka. Kwa wale ambao banda limeshajengwa likitazama magharibi, si lazima kuvunja: ziba uwazi wa magharibi kwa ubao ukiacha sentimita 20 juu, toboa ukuta wa mashariki, na upande wa magharibi pandisha mpesheni kwenye waya mita moja kutoka ukutani, usiguse paa ili paka asipate ngazi.