Ndege wa Dunga na Simu Yako

Ukitaka kuanza kutazama ndege hapa Kisumu, darubini inaweza kusubiri. Tafuta watu kwanza. Pale Dunga, kwenye kinamasi cha ukingoni mwa Ziwa Victoria, unaweza kusimama kando ya mafunjo asubuhi nzima ukisikia kitu kinalia ndani usikione, na vitabu vya ndege ni ghali. Kundi la WhatsApp la watu wanaozurura kandokando ya ziwa hilohilo huenda likakujibu kabla chai haijapoa.

Ila jibu hufuata swali. Picha ya kidoa cheusi juu ya mti na maneno "huyu ni nani?" humchosha hata mwenye subira. Sema ulikuwa wapi, saa ngapi, ndege alikuwa akifanya nini, ni mkubwa au mdogo kuliko njiwa. Kisha rekodi sauti. Chukua mfano wa ndege aitwaye gonoleki: tunao wa aina mbili huku, wote kifua chekundu na mgongo mweusi. Wa mafunjo ana utosi wa rangi ya dhahabu na mstari mweupe bawani, naye hatoki nje ya mafunjo ila kwa nadra. Mwenzake ana kichwa cheusi chote na hupenda vichaka. Ukieleza utosi na mahali tu, wazoefu wameshajua. Hata sauti ya sekunde chache yenye kelele za boti ndani yake inafaa.

Picha nayo WhatsApp huibana, manyoya yakageuka ukungu. Itume kama faili, ibaki ilivyo. Lakini hapo kuna mtego: faili hubeba pia mahali picha ilipopigwa, kama kamera ya simu yako inaweka alama hiyo. Izime kabla hujaenda, hasa ukipiga viota. Kuhusu viota mimi nina msimamo mkali: usiviweke Facebook kabisa. Bundi ndio usiseme. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa analeta mkosi, na si kila anayebonyeza alama ya kupenda anampenda kweli.

Makundi yana udhaifu mwingine: kumbukumbu fupi. Leo umeripoti ndege adimu, kesho amezikwa chini ya michango ya matanga na heri za siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo orodha zako ziingize eBird, mradi wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani ulioanza mwaka 2002. Ni bure, na wao wenyewe huficha mahali pa spishi zinazowindwa. Merlin, programu ya watu haohao, husaidia kutambua ndege. Pakua kifurushi chake ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha kitafanya kazi hata pasipo na mtandao. Ikikupa jina, lichukulie kama fununu mpaka macho yako yakubali.

Ukishazoeana na watu, ombeni safari pamoja. Msitu wa Kakamega hauko mbali, na shorobo mkubwa wa buluu (turaco kwa Kiingereza) akiruka kutoka tawi hadi tawi hana picha inayomtosha. Gharama ya matatu mtagawana. Pale Isecheno, kituo cha wageni msituni humo, chukueni mwongozaji wa hapohapo na mumlipe vizuri. Kundi la watu wanane likitaka kuelekezwa bure kwa simu, hilo ni aibu.