Kwa nini aliyefungiwa alirudi chumbani: jinsi seva za Matrix zinavyoamua hali ya chumba inapogongana

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, imekuwaje mtu ambaye modereta wenu alimfungia kwenye chumba cha Matrix (mfumo wa mazungumzo unaoendeshwa na seva nyingi zinazojitegemea) akaonekana tena ni mwanachama baada ya seva zenu mbili kupotezana kwa muda, wakati hakuna aliyemfungulia. La pili, kwa nini seva zisiangalie saa tu, la mwisho lishinde, yaishe. Halafu mwishoni ukataja kwa kupitia tu kwamba katika muda huohuo admini aliye kwenye seva ya pili alikuwa amemvua modereta huyo madaraka. Hapo ulipopitia harakaharaka ndipo jibu lilipo.

Nimeendesha seva za Synapse, programu ya seva ya Matrix, kwa miaka, na ilifika mahali nikaamua kuiandika mwenyewe algoriti hii ya kusuluhisha hali, yaani utaratibu ambao seva hufuata kuamua, kutoka kwenye maelezo rasmi ya itifaki, hatua kwa hatua, ili nijue seva yangu inafikiri nini. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu naona watu wengi hapa wakikutana na jambo kama lako wanasema ni hitilafu, wanaanza kuchokonoa hifadhidata, na hapo ndipo chumba kinaharibika kweli.

Chumba cha Matrix hakina makao. Kila seva yenye mtu wake ndani ina nakala yake na inaamua yenyewe. Kila tukio, yaani kila ujumbe au badiliko, linatiwa sahihi na seva iliyolitoa, na linataja matukio yaliyolitangulia kwenye sehemu ya `prev_events`, hivyo historia nzima ni grafu, mtandao wa matukio yaliyounganishwa, na si orodha iliyonyooka. Seva mbili zisiposikiana, grafu inagawanyika matawi na kila upande unaendelea na maisha yake. Kwa ujumbe wa kawaida hilo halina shida: mawasiliano yakirudi, jumbe zote zinaingia. Shida iko kwenye hali ya chumba, yaani mada, jina, nani mwanachama, nani amefungiwa, nani ana mamlaka gani. Kila kipande cha hali kina ufunguo wa sehemu mbili, aina na `state_key`, na kwa kila ufunguo tukio moja tu ndilo linaloshika nafasi. Mtu hawezi kuwa mwanachama na kuwa amefungiwa kwa wakati mmoja. Matawi yakiungana huku kila moja lina jibu lake, lazima moja lichaguliwe, na kila seva lazima ichague lilelile bila kuulizana na nyingine. Hakuna kura wala seva kuu. Zenye matukio yaleyale zitoe jibu lilelile, basi.

Sasa saa. Muhuri wa saa kwenye tukio, `origin_server_ts`, unaandikwa na seva iliyotuma. Mwenye seva anaweza kuandika atakacho. Ukisema la mwisho lishinde, mtu aliyevuliwa madaraka ataandika tarehe ya mwaka ujao na atashinda kila mara. Ukigeuza, la kwanza lishinde, atarudisha tarehe nyuma hadi kabla ya kuvuliwa. Na kuna ubaya zaidi ya huo: anaweza kutengeneza tukio leo na kulipachika kwenye sehemu ya zamani ya grafu, akijifanya hakuwahi kuliona lile lililomvua. Ukitazama kutoka nje, tukio hilo halina tofauti yoyote na la mtu mwaminifu ambaye mtandao wake ulikatika. Hili ndilo ninalotamani kila anayeendesha seva alielewe. Seva haiwezi kutofautisha aliyekatikiwa kweli na anayejifanya amekatikiwa, kwa hiyo kanuni inabidi iwatendee wote wawili sawa. Modereta wenu alifanya kazi yake kwa nia njema, na bado algoriti ilikuwa sahihi kumkatalia.

Toleo la kwanza la algoriti lilitegemea sana kina cha tukio kwenye grafu, namba ambayo nayo inatoka kwa seva iliyotuma. Matokeo yake vyumba vilikuwa vinajirudisha kwenye hali ya zamani bila mtu kugusa kitu. Toleo la pili lilikuja mwaka 2018 pamoja na vyumba vya toleo la 2 (vyumba navyo vina matoleo yake ya kanuni), na ndilo lililotumika hadi vyumba vya toleo la 11. Nadhani chumba chenu kiko humo.

Tuchukue kisa chako tukipitishe ndani yake. Kabla ya kukatika kuna tukio la mamlaka, nitaliita P1: admini ana kiwango cha mamlaka cha 100, modereta ana 50. Mhusika ni mwanachama kwa tukio J. Kwenye seva A, admini anatoa P2 inayomshusha modereta hadi 0. Kwenye seva B, ambayo haijaiona P2, modereta anatoa F, tukio la kumfungia mhusika, kisha anabadilisha mada ya chumba kwa tukio T.

Mawasiliano yanarudi. Seva inatenga kwanza yale ambayo matawi yote mawili yanakubaliana, na hayo hayaguswi. Yanayogongana ni mamlaka (P1 dhidi ya P2), uanachama wa mhusika (J dhidi ya F), na mada (ya zamani dhidi ya T). Kwenye fungu hilo inaongeza matukio ya vibali ambayo yamo kwenye mnyororo wa tawi moja na hayamo kwenye mnyororo wa lingine. Kibali hapa ni tukio linalothibitisha kwamba mtumaji alikuwa na haki ya kufanya alichofanya. Kila tukio linataja vibali vyake kwenye `auth_events`, na ukivifuata nyuma unafika hadi tukio la kuundwa kwa chumba.

Kisha inachambua matukio ya nguvu, yaani yanayoweza kumnyima mtu uwezo: mabadiliko ya mamlaka, mabadiliko ya kanuni za kujiunga, na kumtoa au kumfungia mtu mwingine. Hapa ni P1, P2 na F, na J inaingia nao kwa kuwa imo kwenye vibali vya F. Haya yanapangwa foleni kwa utaratibu huu: kibali hutangulia kile kinachokitegemea. Pasipo utegemezi, mwenye mamlaka makubwa hutangulia. Wakilingana, mwenye muhuri wa saa wa mapema. Wakilingana tena, kitambulisho cha tukio kilicho kidogo kwa mpangilio wa herufi.

P1 inatangulia kwa sababu P2 na F zote zinaitegemea. Kati ya P2 na F hakuna inayoitegemea nyingine, kwa hiyo tunatazama mamlaka ya watumaji. Admini 100, modereta 50. P2 inapita kwanza. Ikifika zamu ya F, inakaguliwa upya kwa hali iliyokwisha kujengwa: mtumaji ana 0, kufungia kwa kawaida kunahitaji 50. F inakataliwa. J inabaki, na mhusika anaendelea kuwa mwanachama. Hata kama F ilitolewa saa nzima kabla ya P2, jibu lingekuwa hilohilo, maana swali la saa halikufikiwa kabisa.

Ndiyo maana pia watu wa seva mbili walisimulia visa tofauti. Seva A ilipopokea F, ilikuta inapita kwa vibali vyake na kwa hali ya tawi lake, ila inagonga mwamba kwa hali ya sasa. Tukio la namna hiyo linahifadhiwa lakini halionyeshwi kwa watumiaji, wala seva hailitumii kama mwendelezo wa mazungumzo. Watu wa A hawakuwahi kuona mtu akifungiwa. Wa B waliona, halafu P2 ilipoingia wakaona kufungiwa kumefutika. Ukikusanya maelezo yao bila kujua hili utadhani mmoja wao anakudanganya.

Mada nayo haikupona. Matukio yasiyo ya nguvu yanakaguliwa baadaye, mamlaka yakishatulia. Yanapangwa kwa kuangalia kila moja linategemea tukio lipi la mamlaka kwenye mstari wa P2, P1 na kurudi nyuma. Yanayotegemea lilelile ndiyo yanayopangwa kwa saa, na la baadaye linafunika la mapema. T ilianguka kwa sababu mtumaji wake alikuwa na 0. Unaona saa inakuja kutumika mwishoni kabisa, kati ya watu ambao wote wana haki ya kubadilisha kitu hicho. Atakayedanganya saa hapo atapata mada aipendayo, jambo ambalo alikuwa na ruhusa ya kulifanya hata hivyo.

Je, toleo la pili halina kasoro? Linazo. Agosti 2025 yalitoka marekebisho ya usalama yaliyoratibiwa kwa seva zote kubwa, pamoja na vyumba vya toleo la 12 na algoriti iliyopewa namba 2.1. Tofauti mbili ndizo za kushika. Ukaguzi wa matukio ya nguvu sasa unaanza patupu badala ya kuanza na hali iliyokubaliwa, na matukio yaliyo katikati ya yale yanayogongana yanaingizwa kwenye hesabu. Hizo zinaziba mianya iliyokuwa ikiruhusu hali ya zamani kufufuka. Zaidi ya hapo, muundaji wa chumba cha toleo la 12 ana mamlaka yaliyo juu ya namba yoyote na hawezi kushushwa, na kitambulisho cha chumba ni heshi (alama inayokokotolewa) ya tukio la kuundwa kwake, hakina tena jina la seva. Hilo la muundaji lifikirieni mapema: chagueni vizuri akaunti itakayounda chumba.

Kuhusu chumba chenu, usiguse hifadhidata. Ukiilazimisha seva yako iamini F, itakuwa na hali ambayo seva nyingine hazina, na kila tukio litakalotegemea hali hiyo litakataliwa kwingine. Niliwahi kusaidia kwenye chumba kilichofanyiwa hivyo, seva moja ilibaki inaongea peke yake. Dawa ni ndogo: admini mwenye 100 amfungie mhusika upya sasa. Tukio jipya litakuja baada ya matawi kuungana, halina mpinzani.

Kisha pangeni nani anabadilisha mamlaka. Ashushwe mtu wakati seva zinasikiana, na msibadilishe mamlaka kutoka pande mbili kwa pamoja. Muwe na admini kwenye seva zaidi ya moja, lakini mkumbuke kwamba wawili wenye 100 hawawezi kushushana. Seva ikianza kulemewa kwenye chumba kimoja, hesabu ncha za grafu, yaani matukio ambayo bado hayajafuatwa na jingine, kwenye jedwali la `event_forward_extremities`. Tukio moja linaruhusiwa kutaja watangulizi 20 tu, na ncha zikirundikana seva inalazimika kusuluhisha hali tena na tena. Synapse inaweza kutuma matukio matupu ya kuziunganisha, ila chumba chenye seva zinazokatika kila mara kitaendelea kuzizalisha.

Kuhamia toleo la 12 ni amri ya `/upgraderoom 12`. Inafunga chumba cha zamani kwa tukio la `m.room.tombstone` na kufungua kipya, hivyo watu wahimizwe kuhamia, na orodha ya waliofungiwa ikaguliwe kwa macho kabla ya kuwatangazia.

Ukikwama, weka hapa toleo la chumba na matukio mawili yanayogongana yakiwa kamili, pamoja na `auth_events` zake. Ficha majina ya watu, vitambulisho vya matukio viache. Kwa hizo tutaipanga foleni pamoja na kuona tukio lipi lilipaswa kupita.