SHA na mfuko wa kibarua: maswali yenu

Tangu Oktoba 1, 2024, SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya) ilipochukua mahali pa NHIF, bima ya hospitali ya zamani, maswali hayajakauka. Nimechagua matano.

Mimi ni kibarua wa mjengo, Kisumu. NHIF nililipa 500 kila mwezi. SHA naambiwa inaanzia 300. Mbona hiyo ndiyo imenishinda?

Kwa sababu huilipi kwa mwezi. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla hajauona. Wewe usiye na payslip unakadiriwa kipato cha nyumba yako, kisha unadaiwa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo, usiopungua Sh3,600. Kwenye karatasi umepunguziwa, maana NHIF ilikutoka Sh6,000 kwa mwaka. Lakini ukilipwa Jumamosi bila kujua kama Jumatatu utaitwa, hiyo Sh3,600 utaishika siku gani?

Sababu yao naielewa. Enzi za NHIF wengi walilipa walipougua, wakapona, wakapotea, na hakuna bima inayoweza kuishi hivyo. Ila dawa waliyochagua imemkaba pia yule aliyekuwa akilipa kila mwezi bila kukosa.

Mama yangu yuko Kitui, mjane, hana kazi. Ameambiwa alipe zaidi ya elfu nane. Walifikaje hapo?

Kwa kuangalia nyumba. Mfumo unauliza ukuta ni wa nini, maji mnateka wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mna mifugo mingapi, mko wangapi. Majibu yanaingia kwenye fomyula inayokisia mnapata ngapi.

Niliwahi kukaa benchi moja na nyanya mmoja kwenye zahanati, kijana wa usajili akimsomea maswali hayo kutoka kwenye simu.

"Sakafu?"

"Simiti."

"Stima iko?"

"Stima iko, mwanangu. Tokeni ndizo hakuna."

Kijana akabonyeza "ndiyo" akaendelea. Simiti na stima zote aliwekewa na mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Mwana alishazikwa. Hilo halikuwa na mahali pa kubonyeza.

Hapo ndipo ninapogombana na mageuzi haya. Fomyula inaona mali, haioni pesa, na wazee wengi wa mashambani wana kidogo cha ile ya kwanza na hawana kabisa ya pili. Rwanda walijaribu njia nyingine: kuanzia 2011 michango ya mutuelle, bima yao ya afya ya jamii, ilifuata madaraja ya ubudehe, ambapo wanakijiji wenyewe walikaa wakasema nani yuko hali gani, na wa chini kabisa wakalipiwa na serikali. Kulikuwa na manung'uniko, majirani nao wana wivu wao. Lakini jirani anajua ng'ombe aliyefungwa pale uani ni wa nani.

Kwa mama yako, ombeni akadiriwe upya, na aseme wazi kwamba hana kipato. Kisha mwone chifu pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji kuhusu orodha ya wasiojiweza. Sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023 inataka watu hao walipiwe na serikali, kwa hiyo msiende kama waomba msaada.

Nikijisajili tu bila kulipa, napata nini?

Matibabu ya zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu, ambayo hulipwa na hazina ya afya ya msingi inayotoka serikalini. Jisajili kwa *147#. Kulazwa hospitali kubwa au kupasuliwa kunahitaji mchango uliolipwa. Na dawa zikikosekana zahanati, utaandikiwa karatasi ukanunue chemist kwa pesa zako, bure au si bure.

Lipa SHA Pole Pole ni nzuri?

Ni mkopo. Unakopeshwa mchango wa mwaka, unarudisha kidogo kidogo. Kwa mama mboga mwenye mauzo ya kila siku, ni afadhali kuliko kukaa bila. Soma riba kwanza.

Mshahara wangu ni laki moja. NHIF nilikatwa 1,700, sasa 2,750, na mwaka mzima sijaugua. Kwa nini nibebe wengine?

Hapa utanichukia, kwa sababu sehemu hii ndiyo ninayoitetea. Askari wa geti lenu anayepata 20,000 alikatwa 750 na NHIF; leo anakatwa 550. Zamani kila aliyevuka laki moja alikwama kwenye 1,700 hata akipata nusu milioni, ambaye sasa anakatwa 13,750.

Isitoshe, wengine unawabeba tayari. Fungua WhatsApp yako. Uko kwenye makundi mangapi ya harambee ya bili ya hospitali, yale yenye nambari ya paybill na picha ya mgonjwa juu? Jumlisha ulichotuma huko tangu Januari, halafu niandikie tena.