Mnaojaza udaktari mwaka huu, ulizeni wodi kabla ya jina la chuo

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) na sasa mnasubiri dirisha la udahili, swali lenu nalijua, maana kila mwaka naulizwa lile lile: nisipopata chuo chenye jina, udaktari wangu utakuwa na thamani? Wapo wanaotaka hata kukaa nyumbani mwaka mzima wajaribu tena, kisa nafasi waliyopata iko chuo cha mkoani ambacho majirani hawajawahi kukisikia. Huyo wa kukaa nyumbani ndiye aliyenifanya niandike.

Mimi nilikipata chuo chenye jina. Baba alichinja mbuzi. Nilipiga msuli miaka mitano, sikupata sapu (mtihani wa marudio) hata moja, nikapangiwa kuwa daktari tarajali, yaani aliyehitimu anayefanya mazoezi ya kazi, katika hospitali ya rufaa ya mkoa, mbali na kwetu.

Wiki ya pili, zamu ya usiku, leba, wodi ya kujifungulia. Akaletwa binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, miguu imevimba, na kabla hajapanda kitandani akaanza kutetemeka mwili mzima. Kifafa cha mimba. Dozi ya magnisiamu, dawa ya kuzuia degedege hilo, nilikuwa nayo kichwani: gramu 4 kwenye mshipa taratibu, kisha gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako. Ningeulizwa kwenye mtihani ningepata zote. Lakini mkono wa binti ulikuwa umevimba, mshipa hauonekani, na mimi nimeshika kanula, ile sindano yenye mrija wa kupitishia dawa kwenye mshipa, nimesimama.

Tarajali mwenzangu, aliyetoka chuo kipya ambacho nilikuwa nakisikia kwa mara ya kwanza, alimlaza binti ubavu, akamwomba mkunga amshikie kichwa, akapapasa mshipa kwa kidole badala ya kuutafuta kwa macho, na kanula ikaingia mara moja. Sauti yake haikupanda. Alfajiri binti alijifungua, mama na mtoto wakawa salama.

Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akaniambia chuo chao kinatumia hospitali ya misheni, na kwenye wodi wanakuwa wanafunzi watatu au wanne tu. Wakunga waliwafundisha leba kabla ya maprofesa. Kufikia mwaka wa tano alikuwa amezalisha akina mama mpaka akaacha kuhesabu.

Nikakumbuka raundi zetu za wodini. Wanafunzi ishirini na zaidi tumezunguka kitanda kimoja, kuna mama mwenye vali (mlango wa moyo) iliyosinyaa, na kila mtu anataka kuisikia ile sauti ya moyo wake. Nilikuwa kama wa kumi na saba hivi. Ilipofika zamu yangu mama wa watu alivuta shuka akajifunika, amechoka. Sikumlaumu. Ila nilichoandika kwenye daftari siku hiyo ni sauti ambayo sikuisikia, na kosa hilo ni langu, kwa sababu ningeweza kurudi jioni, nikae naye, nimwombe kwa adabu. Sikurudi.

Kwa nini wazee wetu wanalithamini jina kiasi hiki? Wana sababu. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza 1963, ndiyo iliyokua hadi kuwa MUHAS ya leo, yaani chuo kikuu cha Muhimbili, chuo kikuu kamili tangu 2007. Kwa muda mrefu ukisema daktari aliyesomea nchini, umesema wa Muhimbili. Chuo cha KCMC Moshi na kile cha Kairuki vilikuja 1997, Bugando 2003, kisha Dodoma, Ifakara, Mbeya na Zanzibar wakafuata. Mjomba aliyekulia enzi za chuo kimoja anaposikia jina lingine, anaona pengo. Wakati huohuo wengi wa mabingwa wanaofundisha kwenye hivyo vyuo vipya wamepita mikononi mwa chuo hicho hicho anachokisifu.

Na kwenye kazi yenyewe? MD, shahada ya udaktari, ni miaka 5 kote, utarajali ni mwaka 1 kote, na Tanzania Bara anayekusajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika, yule yule. Serikalini daktari anayeanza anaingia ngazi ile ile ya mshahara, awe ametoka Muhimbili au Ifakara. Wagonjwa wangu wameniuliza umri, kabila, na kama nina watoto. Chuo, hajauliza hata mmoja.

Lakini sitawadanganya kwamba jina halina kazi. Lina kazi, na ni vizuri mjue ni wapi.

La kwanza ni utafiti. Vyuo vikongwe vina miradi, vina wafadhili, vina profesa ambaye barua yake ikifika London inasomwa na mtu anayemfahamu. Nafasi yangu ya kwanza ya utafiti niliipata kwa barua ya namna hiyo, na mwenzangu yule wa kanula, ambaye alistahili kuliko mimi, hakuwa na wa kumwandikia. Hilo liliniuma, bado linaniuma. Kwa hiyo wewe unayekwenda chuo kidogo, anza mapema, mwaka wa tatu, kumsaidia mwalimu mmoja anayeandika. Usisubiri mpaka mwaka wa mwisho ndipo utafute mtu wa kukujua.

La pili ni nje ya nchi. Anayeiwaza Marekani ajue kwamba tangu Januari 2022 hatua ya kwanza ya USMLE, mtihani wao wa leseni ya udaktari, inatoa jibu la kufaulu au kufeli tu, bila alama. Alama zilizobaki ni za hatua ya pili. Kigezo kimoja cha kulinganisha watu kikiondoka, vingine vinapata uzito, ikiwemo barua za mapendekezo na mahali uliposoma. Na kabla ya yote, chuo chako lazima kiwe kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari. Kiangalie leo, kabla ya kulipa ada.

Hapo hapo niwaonye kuhusu mawakala wa vyuo vya nje. Hadhi ya "nimesoma ng'ambo" imewagharimu wengi. Kabla ya kusafiri pata hati ya kutokuwa na pingamizi kutoka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ujue na lugha utakayoongea na wagonjwa huko, kwa sababu mwanafunzi asiyeweza kumuuliza mgonjwa "maumivu yalianza lini?" anabaki mtazamaji.

Ubingwa nao? Vyuo vinaangalia matokeo, usajili kamili na ulichofanya baada ya utarajali. Ukiwa na matokeo mazuri kutoka chuo kisichojulikana, uko mbele ya aliyeponea chupuchupu kwenye chuo kikubwa. Nimesoma na watu wa aina zote mbili darasa moja la MMed, shahada ya ubingwa.

Mfikirieni Denis Mukwege, daktari wa Bukavu, Kongo. Udaktari aliusomea Burundi, akahitimu 1983, akaanza kazi hospitali ya Lemera, vijijini. Huko ndiko alikoona akina mama wanavyoteseka na kufa kwa uzazi, na hilo ndilo lililompeleka Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Akarudi. Hospitali ya Panzi aliianzisha 1999, na 2018 akapewa Nobel ya Amani. Angers ilimpa ujuzi, lakini swali la kwenda nalo Angers alilipata Lemera.

Suala la ada zungumzeni na wazazi mapema na kwa uwazi. Jina halilipi ada, na nimeona vijana wenye akili wakiahirisha masomo mwaka wa tatu kwa sababu mkopo wa Bodi ya Mikopo haukutosha.

Sasa kabla ya kujaza, watafuteni wanafunzi wa mwaka wa nne wa vyuo mnavyovifikiria. Wa mwaka wa kwanza bado wako kwenye anatomia, hawajaiona wodi. Waulizeni mnakuwa wangapi kwenye kitanda kimoja. Umezalisha wangapi kwa mkono wako? Bingwa anakuja raundi mwenyewe au anatuma mtu? Usiku kuna mwanafunzi anayebaki wodini, na anaruhusiwa kufanya nini? Mwanafunzi wa chuo chochote akianza kuwasimulia ninyi habari za wagonjwa wake mmoja mmoja, kitanda kwa kitanda, chukueni jina la chuo chake mliandike juu kabisa kwenye orodha yenu.