Herufi Tatu Zilizonidanganya: Kutambua Mfumo Endeshi kwa Python

Nyinyi mnaoanza kuandika programu kwa Python mtakutana mapema na haja ya kujua mfumo endeshi wa kompyuta, kwa kuwa mipangilio ya programu huhifadhiwa mahali tofauti kwenye Windows na kwenye Linux. Nilipokutana na haja hiyo niliandika sharti fupi: ikiwa ndani ya `sys.platform`, yaani jina la mfumo endeshi ambalo Python hulitoa, mna herufi "win", basi hii ni Windows. Programu ilifanya kazi miezi kadhaa, hadi mwenzetu mmoja alipoifungua kwenye Mac yake ikazimika papo hapo na kuacha maneno `KeyError: 'APPDATA'`, yaani ilikosa APPDATA, jina ambalo Windows hulitumia kuonyesha folda ya mipangilio. Nusu siku nzima niliilaumu Mac ya watu. Kumbe Mac hujitambulisha kwa jina "darwin", na herufi zangu tatu zimo humo mwishoni.

Linganisheni jina zima, si kipande chake. Windows hujibu "win32" hata kwenye kompyuta ya biti 64, kwa hiyo namba hiyo isiwaambie lolote kuhusu mashine. Linux hujibu "linux", ingawa kabla ya Python 3.3 ilijibu "linux2", na ndiyo sababu programu za zamani hukagua mwanzo wa neno tu. Anayetaka kujua kama ni Windows au siyo atatosheka na `os.name`, ambayo hutoa "nt" kwa Windows na "posix" kwa Linux na Mac kwa pamoja.

Hata hivyo, mara nyingi swali lenyewe halihitajiki. Njia za mafaili ziachieni `pathlib`, moduli ya Python inayoziunda kulingana na mfumo uliopo. Amri kama git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) itafuteni kwa `shutil.which`, kwa sababu kompyuta kuwa ya Linux si uthibitisho kwamba git imewekwa. Na anayehitaji `os.fork`, inayozalisha nakala ya programu inayoendelea, aulize kama ipo, kwa `hasattr`, badala ya kubahatisha kutokana na jina la mfumo.

Nilipopitia upya programu yangu kwa jicho hilo, kati ya sehemu 11 zilizouliza mfumo endeshi ilibaki moja tu: ile inayofungulia mtumiaji ripoti ya PDF, ambayo kwenye Windows huita `os.startfile`, kwenye Mac amri ya `open`, na kwenye Linux `xdg-open`.